Nyumba Ndefu ya Bwana Robie

Leo tunawapeleka mbali kidogo. Tunakwenda Chicago, mji mkubwa wa Marekani ulio kando ya Ziwa Michigan. Hatuendi kuutazama mji wote. Tunakwenda kutazama nyumba moja tu.

Picha ya nyumba hii ilipofika mezani kwetu, mwenzetu mmoja aliuliza, "Sasa hapa watu wanaingilia wapi?" Tukaigeuza picha huku na huku. Tukaona paa refu, tukaona matofali, tukaona madirisha mengi yaliyopangwa mstari mmoja. Mlango hatukuuona. Hata ghorofa zake tatu hatukuzitambua upesi, maana nyumba yenyewe haijitangazi kwamba ni ya ghorofa. Imelala. Ni kama treni iliyosimama stesheni. Wengine wameifananisha na meli.

Inaitwa Nyumba ya Robie. Ilijengwa mwaka 1909 na 1910. Aliyeichora ni Frank Lloyd Wright. Aliyetoa fedha ni Frederick Robie, na ndiye nyumba ikaitwa kwa jina lake. Lakini bwana huyu alikaa ndani yake miezi 14 tu. Baadaye nyumba ikanusurika kubomolewa, si mara moja bali mara mbili. Leo iko katika orodha ya mahali panapolindwa kwa faida ya dunia nzima. Hebu tuone ilikuwaje.

NCHI YA MAJANI

Kwanza tuielewe nchi yenyewe. Chicago imo katika jimbo la Illinois. Zamani sehemu kubwa ya jimbo hilo ilikuwa mbuga. Nchi tambarare, haina milima, na majani mengine yalimpita mtu kimo. Ukisimama hapo unaona mstari mmoja mrefu, pale mbingu inapokutana na ardhi. Basi. Mbuga za namna hiyo kule zinaitwa prerii.

Wenyeji wa asili wa sehemu za Chicago, wakiwamo Wapotawatomi, walilazimishwa kuhama baada ya mkataba wa mwaka 1833. Wakaja wakulima wengine. Udongo wa prerii ni mweusi na una rutuba nyingi, lakini uliwatesa. Tope lake liliganda kwenye plau, mtu akalima hatua chache akasimama kulikwangua. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa Illinois, John Deere, akatengeneza plau ya chuma cha pua iliyosuguliwa hata ikang'aa. Sasa tope likateleza. Nchi ikalimwa. Leo prerii ya asili iliyobaki Illinois haifiki hata sehemu moja katika mia. Palipokuwa na majani pana mahindi na soya.

Kwa hiyo Wright alipoanza kuchora nyumba zake, majani yenyewe yalikuwa yamekwisha limwa. Kilichobaki ni ule utambarare wa nchi. Huo ndio alioutazama.

Watu wenye fedha wa siku zile walijenga nyumba za kwenda juu. Ghorofa juu ya ghorofa, mapaa yaliyochongoka, vyumba darini, na vyumba vingine chini ya ardhi. Ndani palikuwa na vyumba vingi vyenye kuta nene, kila kimoja na mlango wake, kama masanduku yaliyopangwa ghalani. Wright hakuzipenda. Katika nchi iliyolala vile, nyumba hizo zilikuwa kama mtu aliyesimama wima katikati ya mkutano hali wenzake wote wameketi. Yeye akataka nyumba nayo iketi chini. Paa liwe la mteremko mdogo. Mistari yote mikubwa iende upande, sambamba na ardhi. Mwaka 1901 gazeti moja la akina mama lilichapisha ramani yake ya nyumba ya namna hiyo, na watu wengi wakaiona. Mtindo huu ndio unaoitwa mtindo wa prerii.

MCHORAJI NA MWENYE FEDHA

Wright alizaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Illinois. Akaja Chicago kijana, akafanya kazi kwa msanifu majengo maarufu, Louis Sullivan, kuanzia mwaka 1888 mpaka 1893. Kisha akajitegemea. Nyumba yake na ofisi yake vilikuwa Oak Park, pembeni mwa Chicago.

Hapo ofisini hakuwa peke yake. Alikuwapo Marion Mahony, mwanamke aliyepata leseni ya usanifu majengo mwaka 1898. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa Marekani kupata leseni hiyo. Mkono wake ulikuwa hodari mno, na michoro yake mizuri ndiyo iliyosaidia kuzitangaza nyumba za Wright. Sifa zilikwenda kwa mwenye ofisi, kama ilivyo kawaida. Sisi tumeona si haki kuandika habari hizi bila kumtaja.

Frederick Robie alikuwa kijana ambaye hajafika miaka 30. Baba yake alikuwa na kampuni ya vifaa vya baiskeli na magari, naye akifanya kazi humo. Alipenda mashine. Gari lilikuwa bado ni kitu kigeni, watu wengi wa mjini walitumia farasi, lakini yeye alikwisha anza kuota magari.

Na alijua anachotaka. Alisema hataki vyumba vya masanduku. Alitaka mwanga mwingi. Alitaka nyumba isiyoshika moto kwa urahisi. Alitaka ua wenye ukuta ili watoto wake wawili wacheze bila kutoka barabarani. Na tena alitaka jambo moja gumu: yeye awaone wapita njia, lakini wapita njia wasimwone yeye.

Kiwanja chake kilikuwa kwenye kona ya barabara. Upana wake futi 60 na urefu wake futi 180. Ni kiwanja chembamba kama shuka iliyokunjwa. Mwingine angesema hiki hakifai. Lakini kwa mtu anayetaka nyumba ndefu iliyolala, ndicho hasa.

MATOFALI

Sasa tuisogelee nyumba. Tuanze na tofali.

Tofali lake si kama haya tuliyozoea. Ni refu na jembamba. Urefu wake ni karibu inchi 12, na kimo chake hakifiki inchi 2. Ukilipanga, mstari wake wenyewe umekwisha lala.

Lakini Wright hakutosheka. Kila mwashi anajua kwamba kati ya tofali na tofali pana saruji, na saruji hiyo inaonekana kama mistari. Kuna mistari ya kulala na kuna mistari ya kusimama. Wright akaagiza hivi: ile ya kulala ikwanguliwe ndani kidogo, iwe na rangi ya kuelekea nyeupe, ili iwe na kivuli na ionekane. Ile ya kusimama ijazwe mpaka usawa wa tofali, tena saruji yake itiwe rangi ya tofali lenyewe, ili isionekane. Ukiutazama ukuta ule kwa mbali huoni matofali. Unaona mistari mirefu inayokimbia kutoka mwanzo wa nyumba mpaka mwisho. Ni ujanja mdogo wa mwiko na ndoo ya saruji, lakini umeigeuza sura ya nyumba nzima.

Juu ya kuta, na chini ya madirisha, akalaza mawe mepesi ya rangi ya maziwa. Hayo nayo ni mistari.

PAA LISILO NA NGUZO

Kitu kinachowashangaza watu zaidi ni paa. Limefunikwa kwa vigae vyekundu. Mteremko wake ni mdogo. Na upande wa magharibi linatoka nje ya nguzo ya mwisho ya matofali kiasi cha futi 20. Futi 20 ni kama hatua nane za mtu mzima. Chini yake hakuna nguzo. Hakuna hata kijiti. Paa linaning'inia hewani.

Utauliza: halianguki?

Fanya jaribio hili. Chukua mpini wa jembe, uulaze mezani, sehemu moja itokeze nje ya meza. Ukitokeza kidogo, unakaa. Ukitokeza zaidi ya nusu, unaanguka. Sasa mwambie mtoto wako akandamize kwa mkono ile ncha iliyobaki mezani. Hata ukitokeza zaidi ya nusu, hauanguki tena. Unaweza hata kutundika kikapu kwenye ncha ya nje.

Basi paa la Robie linafanya hivyo hivyo. Ndani yake, pasipoonekana, imepitishwa mihimili ya chuma kwa urefu wa nyumba. Ncha za nje zinabeba paa linaloning'inia. Sehemu za ndani zimekandamizwa na uzito wa nyumba yenyewe. Kwa mbao peke yake kazi hii ingekuwa ngumu sana, maana mbao ndefu hujipinda polepole kwa uzito wake. Chuma cha namna ile kilikuwa kikitumika kwenye madaraja na majumba marefu ya biashara mjini Chicago. Wright akakileta kwenye nyumba ya kukaa watu.

JUA

Lakini paa hilo si la kujionyesha tu. Lina kazi.

Huku kwetu, karibu na ikweta, jua la saa sita mchana huhama. Mwezi wa Juni liko upande wa kaskazini, mwezi wa Desemba liko upande wa kusini. Chicago iko mbali kaskazini mwa ikweta. Kule jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, halivuki kamwe. Tofauti ni kimo chake. Wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni, linapanda juu sana. Wakati wa baridi, mwezi wa Desemba, linakuwa chini, kama jua letu la saa kumi alasiri.

Wright akaupanga upenu wa paa kwa kufuata jambo hilo. Sebule yote ya upande wa kusini ina milango ya vioo iliyopangwa mstari mmoja, nayo inatazama jua. Mwezi wa Juni, jua likiwa juu, upenu unalizuia. Vioo vinakuwa kivulini, joto haliingii kwa ukali. Mwezi wa Desemba, jua likiwa chini, mwanga unapita chini ya upenu ule ule na kuingia mpaka ndani ya chumba. Na Chicago wakati wa baridi si mchezo. Theluji hulala, maji huganda. Jua la bure linaloingia sebuleni ni jambo la kushukuru.

Paa halina mashine yoyote ya kufanya kazi hii. Limepimwa tu.

MADIRISHA NA ILE HAJA YA KUJIFICHA

Je, Robie alipata kile alichotaka, kuona bila kuonekana?

Alipata. Sebule haiko chini, iko ghorofa ya kwanza, juu ya vichwa vya wapita njia. Mbele yake kuna baraza ndefu yenye ukuta wa matofali. Mtu aliye barabarani akitazama juu anaona ukuta wa baraza, halafu kivuli cha upenu. Aliye ndani anaona barabara yote. Tena vioo vyenyewe si vitupu. Vimetengenezwa kwa vipande vidogo, vingine vya rangi, vilivyoshikwa na vijiti vya madini, na kufanya mapambo ya mistari iliyochongoka kama mabua na masuke. Jicho la mtu wa nje linanaswa na mapambo. Paneli za vioo hivyo katika nyumba nzima, madirisha na milango, ni 174.

Na mlango? Ule mlango tuliokuwa tunautafuta kwenye picha uko nyuma, upande wa kaskazini, ndani kivulini chini ya baraza. Mgeni hana budi aizunguke nyumba. Anaingia mahali pa chini penye giza kidogo, anapanda ngazi iliyobanwa. Halafu ghafla anatokea juu kwenye mwanga, vioo mbele yake kutoka mwisho hadi mwisho. Wright aliipenda sana mbinu hii ya kumbana mtu kwanza kisha kumfungulia.

NDANI

Huko juu kuna sebule na chumba cha kulia chakula. Lakini hakuna ukuta kati yake. Katikati limesimama meko kubwa la matofali la kuota moto, lenye bomba la moshi linalopanda mpaka juu ya paa. Meko hilo ndilo linalotenga huku na huku. Na hata hilo Wright amelitoboa sehemu ya juu, ili mtu aliye sebuleni aone dari linavyoendelea mpaka upande wa pili. Ni chumba kimoja kirefu. Masanduku yamekwisha.

Alichora pia vyombo vya ndani. Meza ya kulia ilikuwa na nguzo fupi nne pembeni, zenye taa. Viti vyake vilikuwa na migongo mirefu iliyonyooka. Watu wakiketi, ile migongo ya viti inawazunguka kama ukuta. Wanakuwa kama wamo katika chumba kidogo ndani ya chumba kikubwa. Kama viti hivyo vilikuwa vya raha kwa mgongo, hilo ni jambo jingine. Sisi tukiviona pichani tunaona mtu analazimishwa kukaa wima kama mwanafunzi anayeogopa fimbo.

Chini kulikuwa na chumba cha watoto kuchezea, kinachofungukia ua, na chumba cha wakubwa kuchezea biliadi. Juu kabisa palikuwa na vyumba vitatu vya kulala. Upande wa kaskazini, nyuma, ndipo palipowekwa jiko na vyumba vya watumishi. Tusisahau kwamba hii ilikuwa nyumba ya tajiri. Wale waliopika na kufua hawakukaa upande wa milango ya vioo.

Mwisho wa kiwanja palikuwa na banda la magari matatu, limeunganishwa na nyumba. Mwaka 1910! Wenzake wengi walikuwa bado wanajenga mabanda ya farasi.

FEDHA NA MSIBA

Gharama yote ilikuwa karibu dola 58,500. Kiwanja dola 13,500, kujenga dola 35,000, vyombo dola 10,000. Robie alikuwa tayari kutumia dola 60,000, kwa hiyo haikuzidi.

Lakini mambo yalianza kuharibika hata kabla nyumba haijaisha. Mwaka 1909 baba yake Robie alifariki, akaacha madeni. Kijana akayachukua. Mwaka huo huo Wright mwenyewe aliacha kazi zake na familia yake akaenda Ulaya, na nyumba ikamalizwa na wengine. Familia ya Robie ikahamia Mei 1910. Mwaka 1911 mkewe akaondoka na watoto. Madeni yakambana. Desemba 1911 akaiuza.

Aliyeinunua, David Taylor, alifariki kabla hata mwaka haujatimia. Mjane wake akaiuza kwa Marshall Wilber, mwishoni mwa mwaka 1912. Mtu wa kuamini mikosi angekwisha sema nyumba hii imelogwa. Kumbe akina Wilber walikaa humo miaka 14, mpaka 1926. Ndio familia ya mwisho kuishi humo.

NYUMBA INATAKIWA IBOMOLEWE

Mwaka 1926 nyumba ilinunuliwa na Chicago Theological Seminary, yaani chuo cha kufundisha wachungaji. Chuo hakikununua kwa sababu ya uzuri wa nyumba. Kilitaka kiwanja. Kwa wakati huo nyumba ikatumiwa kama bweni na mahali pa wanafunzi kula. Sebule ile ya vioo ikawa kama ukumbi wowote.

Mwaka 1941 ikajulikana kwamba chuo kinajiandaa kuibomoa ili kijenge jengo jingine. Watu wa usanifu wakapiga kelele. Desemba mwaka huo Marekani ikaingia katika Vita Kuu ya Pili, na mpango ukawekwa kando.

Machi 1957 chuo kikatangaza tena. Safari hii kilitaja mpaka wakati: nyumba itabomolewa Septemba, pajengwe bweni la wanafunzi.

Hapa tusimame kidogo. Ni rahisi kusema chuo kile kilikuwa na watu wabaya. Sisi hatuoni hivyo. Chuo kilikuwa na wanafunzi wasio na mahali pa kulala. Kilikuwa na kiwanja chake, kilichonunuliwa kwa fedha yake. Ndani ya kiwanja palikuwa na nyumba ya miaka karibu 50, inayotaka matengenezo kila siku, na isiyofaa kwa bweni. Mwenye mali akisema anabomoa chake ajenge kinachomfaa, jirani atamkatalia kwa sheria gani? Wakati ule hapakuwa na sheria ya nguvu ya kumzuia. Lililokuwapo ni watu kusema, basi.

Wakasema. Wasanifu wa Marekani na wa nchi nyingine wakaandika barua. Magazeti yakaandika. Hata Wright mwenyewe akaja, Machi 18, 1957. Alikuwa mzee wa miaka 89. Alitembea ndani ya nyumba aliyoichora miaka karibu 50 nyuma, waandishi wa habari wakimfuata. Mzee huyu ulimi wake ulikuwa mkali siku zote. Akatania kwamba jambo hili linaonyesha ilivyo hatari kuwakabidhi wachungaji kitu chochote cha kiroho.

Lakini maneno matupu hayajengi bweni. Wanafunzi wale walihitaji pa kulala kweli. Kilichosaidia ni kwamba vyama viwili vya wanafunzi, vilivyokuwa na nyumba zao jirani, vilikubali kuziachia nyumba hizo ili chuo kipate pa kujenga. Kimoja kati ya hivyo Wright mwenyewe alikuwa mwanachama wake tangu ujana. Hapo ndipo penye fundo la habari hii, na watu wengi huliruka wanapoisimulia. Wanamtaja mzee mashuhuri, wanawasahau vijana waliotoa nyumba zao.

Mwaka 1958 tajiri mmoja wa majengo, William Zeckendorf, akainunua nyumba kutoka kwa chuo, akaitumia kuwa ofisi ya kampuni yake, iliyokuwa ikijenga mtaa ule upya. Wright alifariki Aprili 1959, akijua kwamba haitabomolewa. Mwaka 1963 Zeckendorf akaitoa zawadi kwa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ikaitangaza kuwa alama ya historia ya taifa. Mwaka 1971 na mji wa Chicago nao ukaiwekea ulinzi wake.

KUITENGENEZA

Kulindwa kwa karatasi ni jambo moja. Mvua haisomi karatasi.

Chuo Kikuu kiliitumia nyumba kama ofisi kwa miaka mingi. Vigae vilichakaa. Saruji ile ya rangi mbili ilianza kubomoka, na fundi asiyejua siri yake angeweza kuziba mistari yote kwa saruji moja tu, na sura ya ukuta ingekwisha. Mwaka 1997 kazi ya kuitunza na kuwatembeza wageni ilichukuliwa na shirika linaloshughulika na nyumba za Wright. Matengenezo yakaendelea kwa awamu zaidi ya miaka 20: paa, matofali, vioo, kisha rangi na mbao za ndani. Yalimalizika mwaka 2019, kwa gharama ya mamilioni ya dola. Linganisha na zile dola 35,000 za kuijenga, ingawa dola ya mwaka 1910 ilikuwa na nguvu zaidi sana.

Julai mwaka huo huo wa 2019, UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, likaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Haikuingia peke yake. Iliingia pamoja na majengo mengine saba ya Wright.

Moja kati ya hayo saba tungependa mlijue. Ni nyumba ndogo huko Madison, jimbo la Wisconsin, aliyoichora mwaka 1936 kwa familia ya mwandishi wa habari. Watu wale hawakuwa matajiri. Nyumba yao iligharimu dola 5,500 tu, pamoja na malipo ya Wright. Haina watumishi wala vyumba vya watumishi. Jiko limewekwa katikati, karibu na meza ya chakula, ili anayepika asitengwe na wenzake. Paa ni la chini. Vioo vinafungukia bustani. Sebule haina masanduku. Yaliyojaribiwa kwa fedha nyingi kwa Bwana Robie yakafika, yamepunguzwa na kurahisishwa, kwa watu wa mshahara wa kawaida. Wright alikwisha jifunza kitu katika ile miaka 26, hasa kuhusu mahali pa kuweka jiko.

Nyumba ya Robie leo ni ya kutembelewa. Haina anayelala humo. Meza ile ya chakula na viti vyake vya migongo mirefu ni mali ya makumbusho ya Chuo Kikuu, yaliyo mitaa michache kutoka hapo. Na lile banda la magari matatu, alilolijenga Robie wakati majirani zake wanafuga farasi, sasa ni duka. Wageni wanaanzia hapo kabla ya kuzungushwa kwenda kutafuta mlango.